Upande Laini wa Jiwe Lako

Mwanangu Udameda,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema, ili shikamoo yako ikifika, hata kama imechelewa, ikute jibu lake limekaa tayari. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba sauti ya mbali inachelewa tu.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Katekista alisema, "Mzee, leta nikuandikie, mkono unatetemeka huo." Nikamwambia mkono huu ulimchoma simba mbavuni kabla baba yake hajaoa, utashindwa na kalamu? Herufi nilizijua uzeeni, darasa la ngumbaru pale Gehandu, na mwalimu aliwaambia wenzangu kwamba kichwa changu ni kigumu lakini kikishika hakiachii. Alikuwa ananisifu. Nimeambiwa barua ya namna hii inaitwa ya wazi, kila mtu anaisoma. Wasome. Mimi sijawahi kuwa na neno la kuficha uvunguni.

Unakumbuka lile korongo chini ya Mlima Hanang, tulipokuwa tunapeleka ndama? Wenzangu walinicheka kuchunga na mtoto wa kike. Nikawajibu kwamba wao wanachunga na wavulana na kila wiki ng'ombe wao wamo ndani ya ngano za watu. Wa kwangu hakuna aliyewahi kuingia. Pale korongoni nilikuwa naita ng'ombe, na mlima unaniitikia. Ukauliza, "Baba, nani anajibu?"

"Mlima."

"Mbona anachelewa?"

"Ni mzee yule. Lazima afikiri kwanza."

Ukakimbia hadi karibu na jabali, ukapiga kelele, ukageuka unanitazama. "Baba! Huku anajibu upesi! Amekuwa kijana?" Nikakuambia nyamaza, angalia ndama. Lakini usiku ule nilimwambia mama yako, huyu mtoto ana akili yangu. Mama yako akasema, "Afadhali angechukua yangu."

Halafu mizinga. Msitu ule wa upande wa Masakta hakuna asiyejua kwamba mizinga yangu ndiyo iliyokuwa inatoa asali nzito. Siri ilikuwa kugonga. Mtu mjinga anafungua mzinga kwa kubahatisha, anaua nyuki na asali hapati. Mimi nagonga kwa mgongo wa panga, naweka sikio. Mzinga uliojaa unajibu kwa kifupi, sauti nene, kama mtu aliyeshiba. Mtupu unalia mrefu. Wenye masega machanga unajibu katikati, unauacha. Sikuwahi kukosea, na hili Gidamuna, baba yako mdogo, ni shahidi, maana yeye alikuwa anafungua kila mzinga mpaka uso unavimba kama boga. Nilikufundisha wewe kugonga. Wengine walisema mizingani si mahali pa binti. Sikuwasikiliza, na siku uliyogonga ukasema, "Huu umejaa upande mmoja tu, baba," tukafungua tukakuta ndivyo, niliwatangazia watu wote.

Sasa nifike kwenye meno, kwa kuwa ndiyo yanayotusumbua humu ndani.

Ulipokuwa mdogo tulikung'oa meno mawili ya mbele ya chini, kama nilivyong'olewa mimi, na baba yangu, na mama yako. Hukulia. Baadaye ukaenda kusoma huko Mbulu kwenye baridi, na wasichana wenzako wakakuimbia, "Pengo, funga mlango, upepo unaingia!" Ulirudi likizo unacheka umeziba mdomo kwa mkono. Nikakuuliza mkono huo unafanya nini hapo. Ukaniambia. Nikakasirika. Nikakuambia waambie kwamba pengo hilo ni jina la kwenu. Hata ukifa nchi ya mbali, hakuna anayekufahamu, mtu wetu akipita akiona pengo atasema, huyu ni wetu, tumzike.

Maneno hayo niliyasema mimi. Nayakumbuka.

Lakini mkono haukutoka mdomoni. Ulimaliza shule na mkono uko pale pale, ukaenda Ulaya na mkono uko pale pale.

Mara ya mwisho uliporudi ulikuja na lile jiwe. Ulinipa jioni, umelifunga kwenye kitambaa: la kijivu, kubwa kiasi cha kiazi, limebanwa katikati kama karanga yenye punje mbili. Ukasema, "Baba, hili ndilo jiwe la angani ninalolifanyia kazi." Hukusema zaidi, ulikuwa umechoka na safari, ukalala. Mimi sikulala. Asubuhi nikalichukua, nikaenda nalo mnadani Basotu.

Nilisimama kati ya ng'ombe, nikaliinua. "Jiwe la mbinguni hili! Binti yangu amelishika kwa mikono yake huko juu, ameniletea mimi baba yake!" Watu wakajaa. Wenye samaki wakaacha samaki. Gidamuna akalichukua, akalipima kiganjani.

"Kaka, mbona jepesi hivi? Mbinguni kuna njaa?"

Mnada mzima ukacheka. Kijana mmoja muuza ndoo akasema, "Mzee, hiyo ni plastiki." Nikamwambia plastiki ni mama yake.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikakutupia mapajani. Wewe ukacheka, mkono mdomoni, mpaka machozi. Ukasema, "Baba, hakuna mtu aliyewahi kuligusa jiwe lile. Wala kuliona kwa macho. Hilo ni umbo lake tu, mashine imelichonga."

"Kama hamjaliona, umbo mmelitoa wapi?"

"Tumeligonga tukasikiliza."

Hapo nikakaa chini.

Ukanieleza, na nilielewa upesi kuliko ulivyotegemea. Kwamba kuna mawe mengi, mnayaita asteroidi, yanayozunguka jua, na mengine njia yao inapita karibu na dunia. Kwamba mna dishi kubwa kuliko boma letu na maboma ya jirani yakiunganishwa, na mnatuma kwalo sauti ya redio ambayo sikio halisikii, hiyo ndiyo rada. Sauti inakwenda, inagonga jiwe, inarudi, na ninyi mmekaa mnangoja. Sehemu ya jiwe iliyo karibu inajibu kwanza, iliyo nyuma inajibu baadaye, na kwa kuchelewa huko mnajua hapa pana shimo, hapa pana kilima. Na kwa kuwa jiwe linajizungusha, upande unaokuja sauti yake inapanda, upande unaokimbia inashuka, kama pikipiki inayotoka Katesh ikikupita barabarani. Ukigonga palipo laini jibu linarudi limenyooka. Palipo na mawemawe linarudi limejipindapinda.

"Ulinidanganya, baba," ukasema. "Mlima haukuwa mzee. Ulikuwa mbali."

Nikasema sikudanganya, nilikuwa nakupima akili.

Nikakuuliza kazi hii inatusaidia nini sisi wenye ng'ombe. Ukasema siku moja jiwe kama hilo linaweza kuja kutuangukia, na ni vizuri kujua mapema linalokuja lina umbo gani, ni jiwe moja au ni rundo la kokoto lililoshikana ovyo. Hilo nililikubali. Hata simba unataka kumjua kabla hajatoka kichakani.

"Na ndani mnaona nini?" nikauliza.

"Ndani hatuoni. Rada inaona ngozi tu, baba."

"Mzinga wangu unanipa mpaka ndani."

"Basi wewe umetushinda."

Ulisema hivyo, na mama yako alisikia.

Nikalizungusha lile jiwe. Upande mmoja ulikuwa na mabonde na vinundu, upande wa pili laini kabisa. "Na huku mbona pamekuwa kama kipara cha Gidamuna?"

Ukalishika, ukapitisha kidole. "Huku hatukupaona. Lilipita limetupa mgongo. Pale tusipopaona tunapaacha laini, tusije tukasema uongo."

Na neno moja zaidi ulilisema, nikalipuuza, sasa linanirudia kila siku. Ulisema kuna ujanja katika picha zile. Sehemu mbili za jiwe, moja ya juu na moja ya chini, zinaweza kuangukia mahali pamoja kwenye picha, na huwezi kujua ipi ni ipi. Lazima ungoje ligeuke, ulitazame tena na tena.

"Na mtu asipongoja?"

"Anapata umbo zuri kabisa la jiwe ambalo halipo."

Ukaondoka. Ukawa unapiga simu, unasema shikamoo baba, mimi naitikia, halafu pana kimya, halafu unacheka. Nikawa nasema huyu mtoto ananidharau, ananiacha ninyamaze kama mti. Ukasema kimya kile ni safari, maneno yanasafiri. Nikakizoea. Nilikuwa naweza kukijua kimya chako hata kabla hujafungua mdomo.

Kisha ikaja simu ya Rehema. Huyu, kwa wanaosoma, ni msichana wa Tanga aliyekuwa anasoma nchi ile ile na binti yangu. Alisema gari lilitoka barabarani mlimani, asubuhi, ulipokuwa unashuka kutoka kwenye dishi. Alisema likawaka. Nikamwambia rudia. Akarudia. Pakawa na kimya cha safari, na baada yake hakuna aliyecheka.

Sanduku lilifika likiwa la mbao kwa nje na bati kwa ndani, limechomelewa. Rehema alikuja nalo, na bwana afya wa wilaya. Boma lilijaa. Wazee walikuwa wamekwishachinja, ngozi ipo tayari imepakwa siagi, maana sisi mtu wetu tunamfunga ngozi mbichi, hatumzikii mbao kama mzigo wa duka. Mama yako akaja mbele akasema, "Fungueni."

Bwana afya akasema, "Mama, pole sana, hairuhusiwi. Limefungwa huko huko lilikotoka."

"Mimi nilimzaa. Nitamjua kwa kisigino."

Rehema akaanza kulia. Mama yako akamgeukia. "Wewe ulimwona?"

"Hapana, mama. Nami nilikabidhiwa limefungwa. Ila walituambia walimtambua kwa meno. Meno mawili ya mbele ya chini hayapo, na yametoka zamani."

Wazee wakaguna, wakaitikia kwa vichwa. Nikasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi kutoka likizo ile, kutoka miaka ile. Mtu wetu akiona pengo atasema huyu ni wetu.

Lakini mama yako akasema, "Basi si yeye."

Akawageukia wazee.

"Aliniambia kwenye simu, baba yake yuko malishoni. Alisema, mama, nimepata daktari wa meno, nitaziba pengo langu, nicheke kama watu. Alisema atakwenda wiki hiyo hiyo, na ajali ilikuwa haijatokea. Mwanangu hana pengo. Nani huyu mmeniletea?"

Rehema akasema hajui kama ulikwenda kwa daktari yule au hukwenda. Akasema pia kwamba garini mlikuwa wengi, na kwamba nchi ile kuna watu kutoka kila kona ya Afrika, wengine nao wameng'olewa meno kama sisi. Alikuwa anasema ukweli, lakini ningemziba mdomo.

Ndipo Gidamuna akasema, mbele ya watu wote, na safari hii hakuwa anatania, "Kaka, gonga. Wewe hujawahi kukosea."

Watu wakanipa nafasi. Nilichukua panga, nikaligeuza mgongo. Nikagonga kichwani mwa sanduku, nikaweka sikio. Nikagonga katikati. Nikagonga miguuni.

Udameda, bati halikunipa kitu. Lilirudisha mlio wa panga langu lile lile. Nikakumbuka, rada inaona ngozi tu, baba. Nikagonga tena kwa vidole, polepole, kama nabisha hodi. Nikasikia vidole vyangu.

Nikasimama. Mama yako alikuwa ananitazama mdomoni. Nilijua nikisema sijui, atalipasua lile bati kwa shoka, hakuna bwana afya wa kumzuia, na ataona kazi ya moto. Kama ni wewe, hiyo ndiyo sura atakayobaki nayo. Kama si wewe, atakuwa ameona sura ya mtoto wa mama mwingine, na wewe bado hupo.

Nikasema, "Ni yeye."

Kwa kuwa nilisema mimi, ikawa imesemwa. Wakainua ngozi. Haikutosha sanduku. Nikaamuru achinjwe mwingine, yule mweusi, mjukuu wa ng'ombe uliyekuwa unamkamua, ngozi mbili zikashonwa, tukalivika lile sanduku lote, bati na mbao na yote. Wazee walinong'ona kwamba halijawahi kufanyika. Sasa limefanyika. Tulilishusha upande wa kutokea jua, na udongo ulipogonga ngozi ulitoa mlio mnene, mfupi. Huo niliusikia. Lakini ulikuwa mlio wa ngozi.

Mama yako hakulia kaburini. Hajalia mpaka leo. Kila asubuhi anakuwekea maziwa kwenye kibuyu chako kidogo, jioni anayamwaga kwa mbwa. Nikimuuliza anasema, "Wewe umezika wa kwako, mimi nangoja wa kwangu." Anasema hukupiga simu kwa sababu labda uko hospitali mahali, umepoteza kumbukumbu, hujui jina. Anasema labda umeolewa na unatuogopa. Nilimwambia angeolewa angesema. Akasema, "Meno alikuambia?"

Hukuniambia. Ulijua nitagomba. Ningegomba kweli.

Tumemwomba Rehema atafute kwa yule daktari wa meno. Alimtafuta hakumpata. Mama yako hakujua jina lake wala mtaa, alijua tu kwamba yupo. Wiki hizi Rehema ametuma kwenye simu picha yako ya mwisho, iliyopigwa na mwenzako siku chache kabla ya ajali. Tulienda Katesh kwa kijana mmoja mwenye mashine, aikuze. Mama yako alikuwa amevaa shuka jipya kana kwamba anakwenda kukupokea. Kijana akaikuza, ukatokea ukutani mzima: koti lako la bluu, nyuma yako lile dishi, jeupe, refu. Ulikuwa unacheka.

Na mkono uko mdomoni.

Mama yako alisogea mpaka ukutani, akaugusa ule mkono kwa kidole, kama mtu anayetaka kuutoa. Kijana akauliza, "Bibi, nikuze zaidi?" Akakuza. Tukaona kucha. Tukaona pete. Mdomo hatukuuona.

Tukarudi na basi. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye kile kitambaa ulichoniachia, akatoa jiwe lako, akakaa nalo mlangoni, akawa anapitisha dole gumba upande ule laini, huku na huku. Nikamwambia hapo hapana kitu, walipaacha kwa sababu hawakupaona. Akasema, "Najua. Nilikuwepo aliposema." Akaendelea. Kisha akasema, hakunitazama, "Basi humu ndimo alimo."

Nikachukua panga langu, nikatoka.

Ulipokuwa hapa nilikuuliza, je, kuna mawe mnayoyagonga yasijibu? Ukasema yapo mengi. Yako mbali mno au ni madogo mno, sauti inakwenda hairudi. Nikauliza mnafanya nini sasa. Ukasema, "Tunazima mashine, baba, tunakwenda kulala. Kuna jingine kesho." Basi nakuambia ninyi mna mawe mengi. Mimi sizimi. Nakwenda kila siku kaburini na panga langu, nagonga ile ardhi, naweka sikio. Wanaopita wanasema mzee ameharibikiwa. Gidamuna peke yake hasemi. Juzi alikuja akakaa kando yangu, akauliza, "Inajibuje?" Nikasema, "Inafikiri kwanza."

Udameda, kama ni wewe uliyelala hapa, basi pumzika, umefungwa ngozi ya kwenu na pengo lako lilikuleta nyumbani kama nilivyosema. Nilikuwa sahihi, na sitaki sifa. Lakini kama meno yaliwekwa, kama uko mahali unacheka kama watu na mkono umeshuka, piga simu. Sitagomba. Sitauliza nani alikuruhusu. Utakaposema shikamoo, marahaba yake nimeiweka hapo juu kwenye barua hii, mwanzoni kabisa, na kimya chako nitakijua.

Mama yako ameweka maziwa ya leo.

Ni mimi baba yako, mgonga mizinga wa Gehandu, ambaye hajawahi kukosea, na safari hii moja anaomba awe amekosea.